Sauti Isiyobisha Hodi

Ndugu msomaji, nyumba yetu iko Kisauni, Mombasa, hatua kama ishirini kutoka barabara ya magari. Marehemu baba aliijenga siku ambazo barabara hiyo ilipitwa na gari moja moja, na mbele ya baraza palikuwa na mwembe ambao wazee walikaa chini yake baada ya sala ya Alasiri. Mwembe huo sasa haupo, na mahali pake pamekuwa kituo cha matatu.

Mama yetu alipougua ugonjwa wake wa mwisho tulimlaza katika chumba cha mbele, kwa kuwa ndicho kipatacho upepo. Usiku mmoja baada ya Isha nalikuwa nimekaa peke yangu kando ya kitanda chake. Siku mbili zilikuwa zimepita bila yeye kusema neno. Mara akafumbua macho, akanitazama kwa kunitambua, akanishika mkono, akaanza kusema. Nikainama nimsikie. Wakati ule ule likaja gari la abiria likasimama kituoni, muziki wake ukiunguruma hata vikombe vikawa vikigongana kabatini. Naliiona midomo ya mama ikicheza, lakini sikusikia hata neno moja. Nikamwashiria kwa mkono angoje. Yeye hakungoja, maana mgonjwa wa hali ile hana nguvu za kungoja. Gari lilipoondoka, mama alikuwa amekwisha sema alilotaka kusema, naye amefumba macho. Nikamwuliza, "Mama, ulikuwa wasemaje?" Akatikisa kichwa kidogo tu. Siku ya tatu yake alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze mahali pema.

Sikuandika haya ili nihurumiwe, kwani hapana nyumba isiyopitwa na mauti. Nimeyaandika kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji wakikiona kichwa cha makala haya watasema, "Je, gari kupiga muziki nalo ni jambo la kuandikiwa?" Mimi nami zamani nalisema hivyo. Nalikuwa nikikunja uso gari likipita, kisha nikasahau. Sasa nimejua kwamba jambo tulionalo dogo laweza kumnyang'anya mtu kitu asichoweza kukirudisha tena.

Hebu tutazame adabu ya dini yetu katika kuingia majumbani mwa watu. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nur, ambayo ni sura ya 24, ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu walio ndani; na tukiambiwa turudi, basi turudi bila kuona kinyongo. Bwana Mtume (S.A.W.) akatufunza kwamba ruhusa huombwa mara tatu, na asiyejibiwa na aende zake. Sisi watu wa pwani tumelelewa juu ya adabu hiyo. Hata ndugu wa tumbo moja hasukumi mlango wa nduguye, bali husimama nje akabisha hodi na kungoja aambiwe karibu.

Lakini sauti kubwa haibishi hodi. Huingia chumba cha mgonjwa na chumba cha mzazi mwenye kichanga. Humkuta mwanafunzi juu ya kitabu chake, mzee katika usingizi wake mchache, na mwenye kusali katika sijida yake. Haichagui saa wala haiangalii mlango uliofungwa. Na ajabu ni kwamba mwenye kuipeleka sauti hiyo hata hajui ameingia nyumba ngapi, kwa kuwa yeye yumo njiani tu, na kila anayemwudhi humwacha nyuma yake.

Mtu aweza kusema, "Funga dirisha." Naam, dirisha lafaa kwa sauti nyembamba, lakini halifui dafu kwa sauti nzito. Wataalamu wametueleza kwamba sauti ni mawimbi ya hewa. Sauti nyembamba mawimbi yake ni mafupi, nayo yakigonga ukuta hurudishwa kwa wepesi. Sauti nzito, kama ile ya ngoma itetemayo mara 50 katika sekunde moja, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa nyumba zetu hauna uwezo mkubwa wa kulizuia. Ndiyo maana gari likiwa mbali husikii maneno ya wimbo wala zumari, wasikia mdundo peke yake, nao wausikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Hizo spika kubwa ambazo vijana huziita wufa zimetengenezwa khasa kwa kutoa sauti ya namna hiyo. Basi kumwambia jirani afunge dirisha ni kama kumwambia afunge mlango hali maji yapanda kutoka chini ya sakafu.

Baada ya siku arobaini za msiba wetu nalikwenda kituoni. Sikwenda kwa hekima, nalikwenda kwa hasira. Gari lile nalilijua kwa maandishi yaliyo nyuma yake, nikalingoja mpaka likaja. Dereva wake ni kijana wa mtaani kwetu, na baba yake na mimi tulisoma chuo kimoja kwa mwalimu mmoja tukiwa wadogo. Aliponiona alizima injini, akashuka, akaniamkia, "Shikamoo, ami." Nikaitika marahaba kwa uso uliokunjana.

Nikamweleza habari ya mama, na habari ya usiku ule. Alinisikiliza kwa kuinamisha kichwa. Mara mbili alinikatiza akisema, "Samahani, ami, rudia hapo, sikukusikia vizuri," na hali gari lilikuwa limezimwa, na mimi sikuwa nikinong'ona. Nilipomaliza alisema, "Wallahi, ami, sikujua. Lau ningalijua kwamba bibi amelala mle ndani, ningalipita kimya."

Nikamwambia, "Mwanangu, na hao wengine walio katika nyumba zote kutoka hapa hadi Kongowea, wawajua hali zao?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ami, gari si langu. Mwenye gari ndiye aliyetia spika, naye kila jioni ataka hesabu yake. Gari lisilo na muziki wanafunzi hawalipandi. Wamwuliza utingo kwanza kama mna muziki, ndipo waingie." Halafu akaongeza, na uso wake wanionyesha kwamba aona haya, "Na nataka nikwambie jambo jingine, lakini usinikasirikie. Mwaka jana, wiki ile ya mhadhara, gari la msikiti lenye spika nne juu lilisimama mbele ya nyumba yetu wakati wa mchana. Mke wangu alikuwa na siku sita tangu ajifungue kwa kupasuliwa, na mtoto ndiyo kwanza apate usingizi. Lilitangaza, likaenda, likarudi tena. Nilitoka nje nipate kusema, nikaona ni wewe, ami, uliyeshika kipaza sauti. Nikarudi ndani."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Kweli mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari lile. Neno la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa, "Sisi twatangaza kheri, na nyinyi mwatangaza upuuzi." Neno hilo lina ukweli wake, nami sirudi nyuma katika hilo. Nyimbo nyingi zipigwazo katika magari haya zina maneno ambayo mtu mwenye haya hawezi kuyasikiliza akiwa amekaa pamoja na mkwewe. Mara ngapi tumeona mzee na binti yake wamebanana katika kiti kimoja, kila mmoja akitazama upande wake, kwa ajili ya aibu ya wimbo ambao hawakuuomba! Lakini neno langu halikutoka, kwa kuwa nalimfikiri yule mtoto wa siku sita. Yeye hajui mhadhara wala hajui muziki. Ajua tu kwamba usingizi wake umekatwa, na mama yake mwenye kidonda ajua kwamba sharti ainuke.

Nalirudi nyumbani nikiwa si yule aliyetoka. Usiku ule nikayakumbuka mambo tuliyosomeshwa na waalimu wetu, ambayo nalikuwa nikiyatumia juu ya watu wengine tu.

Katika Sura ya Luqman, sura ya 31, Luqman mwenye hekima amwusia mwanawe awe na mwendo wa kiasi na apunguze sauti yake, na sauti iliyotolewa mfano wa ubaya pale ni ya punda. Tazama, ndugu, jinsi mwendo na sauti vilivyowekwa pamoja katika usia mmoja. Mwenye gari leo ana vyote viwili mikononi mwake, usukani na kitufe cha sauti, na usia ule wamhusu katika vyote viwili.

Na tukumbuke hadithi ya haki za njia, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri. Bwana Mtume aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipomwambia kwamba hawana budi, maana ndiko wanakozungumzia mambo yao, akawaambia basi waipe njia haki yake. Miongoni mwa haki hizo ni kuinamisha macho, kuzuia udhia, na kuitikia salamu. Kuzuia udhia! Njia si mali ya aendaye kwa kasi wala ya mwenye chombo kikubwa. Ina haki zake, na mwenye kuipita ana deni nayo.

Walakini hadithi iliyonishika zaidi usiku ule ni ile ya Abubakar na Umar, Mwenyezi Mungu awawie radhi, iliyomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi. Bwana Mtume alipita usiku akamkuta Abubakar asali kwa sauti ya chini sana, na Umar asali kwa sauti ya juu. Alipowauliza, Abubakar alisema kwamba Yule anayezungumza naye amemsikia. Umar akasema kwamba awaamsha wenye kusinzia na kumfukuza shetani. Nia zao wote wawili zilikuwa njema. Hata hivyo Mtume alimwambia Abubakar apandishe sauti yake kidogo, na Umar aipunguze kidogo. Tena yako mapokezi mengine ya Abu Daud kwamba Mtume alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakipaza sauti zao katika kusoma, akafunua pazia akawakataza wasiudhiane na wasishindane sauti katika kusoma.

Basi fikiri, ewe ndugu. Ikiwa msomaji wa Qur'ani tukufu, ndani ya msikiti, aambiwa achunge sauti yake asimwudhi mwenziwe, itakuwaje kwa muziki wa barabarani? Na itakuwaje kwa tangazo letu la mhadhara, ambalo si Qur'ani wala si adhana?

Nisieleweke vibaya. Adhana ina haki yake, nayo ni alama ya mji wa Kiislamu na furaha ya moyo wa muumini. Hata mwenye kulala huamshwa nayo kwa kuwa ni wito wa Mola wake, nayo ni dakika chache kisha kimya hurudi. Sisemi juu ya adhana. Nasema juu ya yale tuliyoyaongeza sisi wenyewe kwa kuwa chombo kipo na umeme upo. Hata katika nchi yenye Misikiti Mitukufu miwili jambo hili limeangaliwa. Mwezi wa Mei 2021, Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza vipaza sauti vya nje vya misikiti vitumiwe kwa adhana na ikama tu, na sauti yake isipite thuluthi moja ya nguvu ya chombo. Hatulazimiki kufuata agizo la nchi nyingine, lakini lafaa litupe fikira.

Nikamfikiri pia yule kijana mwenyewe. Kwa nini aliniomba nirudie maneno mara mbili? Siku nyingine nilipokutana naye nikamwuliza habari ya masikio yake. Akacheka, akasema kwamba akilala usiku husikia kitu kama mlio wa nyenze ndani ya kichwa, lakini amekwisha kuzoea.

Kuzoea huku ndiko kunakotisha. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojikunja kama koa, na ndani yake mna chembe zenye vinyweleo vyembamba, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, ambazo huipokea sauti na kuipeleka katika ubongo. Mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Sauti kubwa huziua kidogo kidogo bila maumivu, na mlio wa usiku mara nyingi ni dalili ya madhara hayo. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kiasi cha 60. Wataalamu wa afya ya wafanyakazi wameweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zikiongezeka 3, muda wa salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na zikifika 100 ni robo saa peke yake. Naye dereva na utingo wake huingia garini alfajiri na hutoka usiku. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 ulimwenguni wamo katika hatari ya kupoteza usikivu wao kwa kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi.

Hapo hasira yangu iligeuka kuwa huruma. Mimi nalisumbuliwa kwa dakika mbili za gari kusimama kituoni, lakini yeye amekaa ndani ya sauti ile mchana kutwa, na malipo yake ni kuuza masikio yake kwa hesabu ya jioni. Nasi tumesomeshwa katika Sura ya Al-Israa, sura ya 17, kwamba usikivu na uoni na moyo, vyote hivyo mtu ataulizwa juu yake. Sikio ni amana. Mwenye gari aliyetia spika zile ameiharibu amana ya kijana, na kijana ameiachilia, na sisi tunaopanda tukanyamaza tumeshuhudia.

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii ni ya serikali. Naam, na sheria ipo. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kuzuia makelele na mitetemo ya kupita kiasi, nazo zimekataza makelele yasiyo ya lazima yenye kuwaudhi watu au kudhuru afya zao. Kanuni hizo zimeweka vipimo. Nje ya nyumba katika mitaa ya makazi ni desibeli 50 mchana, na tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni 35. Mahali pa ibada ni 40 mchana na 35 usiku. Tena tumekwisha kuona kwamba sheria ikisimamiwa hufuatwa. Mwezi wa Februari 2004 zilipoanza kanuni za magari ya abiria alizozisimamia Waziri John Michuki, matatu zilipigwa mstari wa manjano, zikatiwa mikanda na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na watu walioapa kwamba haitawezekana wakafunga mikanda. Lakini askari hawezi kusimama katika kila kituo na kipimo mkononi. Mkanda waonekana kwa jicho, ama kitufe cha sauti hushushwa polisi akiwa mbele, kikapandishwa akiwa nyuma. Kitu cha kukishusha polisi asipokuwapo ni kumcha Mwenyezi Mungu na kumwonea haya jirani.

Sasa niseme tulilolifanya, ingawa ni dogo. Katika kikao cha kamati ya msikiti nalieleza kisa chote, pamoja na aibu yangu. Wazee wawili walipinga, wakisema kwamba tukipunguza sauti za dini tutawaachia uwanja watu wa anasa. Tulijadiliana sana. Mwisho tulikubaliana kwamba gari la matangazo lipite mara moja tu katika kila mtaa, lisisimame mbele ya nyumba, wala lisitoke baada ya Magharibi. Na mawaidha ya darsa yasikike ndani ya msikiti, kwa wale waliokuja kuyasikiliza. Nami nalikwenda nyumbani kwa yule kijana, nikabisha hodi, nikamwomba radhi yeye na mkewe. Mkewe akajibu nyuma ya pazia, "Yamekwisha, ami, mtoto sasa atembea."

Kijana naye aliahidi kwamba atashusha sauti kuanzia zahanati hadi apite msikiti na nyumba zetu, na baada ya Isha atauzima muziki kabisa. Sitasema kwamba ahadi hiyo imetimia kila siku, maana siku nyingine hushika gari mwenziwe, na yako magari mengine mengi. Lakini mara nyingi nikiwa barazani nasikia mdundo waja kutoka mbali, kisha wanyamaza ufikapo zahanati, na gari lapita kwa mlio wa injini tu. Nikimwona huinua mkono, nami huinua wangu.

Lipo neno moja la mwisho, nalo latuhusu sisi wazazi. Nalimwuliza mwanangu mwenyewe, asomaye sekondari, kama ni kweli alivyosema dereva. Akanijibu bila kuficha kwamba huyaacha magari mawili yapite akingoja lenye muziki. Nikajua basi kwamba nauli niliyompa asubuhi kwa mkono wangu ndiyo iliyonunua makelele yaliyonijia usiku. Mwenye gari hatii spika kwa kuwachukia wagonjwa wetu. Azitia kwa kuwa watoto wetu wazitaka na sisi twalipa. Basi na tuseme na watoto wetu. Tuwafunze kuchagua gari la dereva mpole, na kumwambia dereva kwa adabu, "Tafadhali punguza kidogo, tuna wazee humu." Mtu mmoja akisema hataitikiwa, pengine atachekwa. Abiria sita wakisema, kitufe kitashuka, kwa sababu riziki ya gari ni abiria. Na tuanze nyumbani, maana mtoto aliyelelewa na televisheni ikipiga kelele hata wakati wa chakula, na aliyeona harusi zetu zikiwakesha jirani mpaka alfajiri, ataona ajabu akiambiwa kwamba sauti ina mipaka.

Na wewe kijana mwenye gari lako, au utakayepata gari siku moja inshallah, sikukatazi kufurahi. Nakuomba jambo moja tu. Kila ukipita mbele ya nyumba usiyoijua, jaalia kwamba ndani yake yumo mgonjwa ashikaye mkono wa mwanawe na ataka kusema neno. Huenda ikawa si kweli katika nyumba tisini na tisa. Ipunguze sauti yako kwa ajili ya ile moja.

Mimi mpaka leo sijui mama alisema nini. Dada yangu asema huenda aliomba maji tu. Mke wangu asema alikuwa akiniombea dua, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi ya ulimi wake maisha yake yote. Mwenyezi Mungu alilisikia neno lile, Naye hapitwi na sauti yoyote hata ikifunikwa na nyingine. Twamwomba amrehemu mama yetu na wazazi wa Waislamu wote, atuhifadhie masikio yetu na ya vijana wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wale ambao jirani zao wamesalimika nao. Amin.